Sikumuua Yule Mtoto wa Mbwa

Mpendwa Shangazi Aukje,

Naomba msaada, ingawa leo naandika huku nacheka peke yangu jikoni. Miaka minne iliyopita mbwa wangu Doutsen, wa aina ile ya kuwavutia bata mtegoni, alizaa, na mtoto wake mmoja nilipomkata kucha akavuja damu kutwa nzima mpaka akanifia mapajani, na Sytze, mwenye dume aliyempanda, akasimama mbele ya chama chetu chote cha wafugaji akasema, "Huyu mama ana mikono ya kung'olea viazi, amekata nyama!" nami nikaamini, Shangazi, nikalia, nikaapa Doutsen hatazaa tena.

Basi mwaka huu chama kimeamuru kila mbwa apimwe vinasaba, pamba tu inapitishwa shavuni na kutumwa maabara, na Jumamosi majibu yakasomwa kwa sauti: Doutsen anabeba kasoro ya damu kutoganda, na dume wa Sytze naye anabeba! Daktari wa mifugo akaeleza kwamba mwenye kasoro ya upande mmoja haugui, anayeugua ni aliyeirithi kwa baba na kwa mama pia, na yule mtoto dalili zake zilikuwa hizohizo, angevuja hata angekatwa kucha na daktari mwenyewe. Ukumbi mzima ukamgeukia Sytze. Bibi Tjitske, mfugaji mwenzetu, akapaza sauti, "Haya, mikono ya viazi iko wapi leo?" Weee! Nilisikia raha!

Juzi Sytze kaja mlangoni, kofia mkononi, eti ana dume mwingine, Jelmer, kapimwa na ni safi kabisa, anataka ampande Doutsen, ambaye kwa umri wake chama kinamruhusu uzazi mmoja tu wa mwisho. Nikampa kahawa na biskuti moja, nikafunga kopo kama desturi yetu huku, mgeni hapati ya pili, nikamwambia nitafikiri. Watoto nawataka, Sytze simtaki, na damu naiogopa. Nifanyeje?

Hiltje, Friesland

Hiltje wewe,

Hongera! Sasa kaa chini, maana nina ugomvi na wewe. Miaka minne unajiita muuaji kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, daktari yupo na hukumuuliza! Na sasa unataka kumnyima Doutsen watoto ili umkomoe Sytze. Doutsen kamkosea nani?

Damu usiiogope. Dume akiwa safi, hakuna mtoto atakayeugua. Baadhi watabeba kasoro kimyakimya kama mama yao, kwa hiyo wapime wote kabla hawajatoka kwako, na kila mmoja aondoke na karatasi yake. Ya Jelmer nayo uisome kwa macho yako. Hiyo "safi kabisa" ya mdomoni usiikubali.

Ama Sytze, asikuombe radhi mlangoni. Alikutukana mbele ya chama, basi asimame palepale aseme kwa sauti ileile: "Hiltje hakumuua yule mtoto." Asiposema, madume safi wapo wengine. Akisema, mkaribishe nyumbani, mmiminie kahawa, na lile kopo la biskuti liache wazi.