Gia Boksi Yenye Alama ya Njano

Jumanne, 9 Septemba

Leo Gerezani, mtaa wa spea, na kaka Zakayo tangu asubuhi. Hatimaye! Injini ya JZ imelala chini ya turubai kule uani kwetu Buguruni, Mark II yetu iko wazi mdomo inaisubiri, kilichobaki ni gia boksi tu. Bila gia boksi lile gari ni banda la kuku.

Duka ni la Mzee Anaeli. Spea za Japani, gia boksi za otomatiki zimekalishwa juu ya matairi mpaka barazani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho, anasoma Biblia kwenye simu. Anayeuza ni Tarsis. Huyo mdomo hauna breki. Eti, "Karibu fundi wa mtandaoni, bando limeisha ndo umetukumbuka?"

Zinazoingia kwenye JZ zilikuwa mbili. Ya kwanza imeoshwa, oili yake nyekundu kama juisi ya rosela. Ya pili ina matope ya huko ilikotoka, oili kahawia. Zakayo akaing'ang'ania ya matope. Anasema hii haijaoshwa, haina cha kuficha. Nikamwambia unaongea kama mganga. Oili nyekundu ndo afya, kila video inasema hivyo. Nikaongea, nikaongea, akachoka. Tumebeba nyekundu.

Sheria ya duka: Tarsis anapaka rangi ya njano kwenye bolti mbili za sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili. Ukiifunga kwenye gari ikagoma, irudishe, unapewa nyingine. Ukiifungua mwenyewe, rangi inapasuka, imekula kwako. Hapo tu ndo mzee aliinua macho. "Mwanangu, hiyo rangi ndo mkataba wetu. Mimi sina karatasi."

Nikasema sawa, mzee.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeifungua.

Zakayo alikuwa kibaruani. Mimi nimekaa nayo peke yangu uani, naizunguka, naizunguka. Nilitaka kuona tu ndani ikoje! Nimeangalia video ngapi za sampu inafunguliwa, na sijawahi kuigusa hata moja kwa mkono wangu. Kwenye bolti ya kwanza nikaiambia spana polepole, polepole. Rangi ikapasuka. Kitu kidogo sana, kama ganda la yai.

Ndani — daah. Sumaku ya kunasia chuma mle kwenye sampu imevaa manyoya. Chenga za chuma tupu. Na vipande vyeusi vya sahani za klachi vinaelea kama majani ya chai. Hii kitu ilishakufa zamani, imebadilishiwa oili tu. Maiti kavalishwa kanzu mpya.

Na sasa siwezi kuirudisha. Nikienda na rangi iliyopasuka, mzee ataniambia sheria nilikwambia. Na atakuwa sahihi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeisafisha yote. Sumaku nimeifuta na kitambaa mpaka inang'aa. Oili nimeichuja na kuirudisha. Sampu nimeifunga na gundi ya silikoni. Kisha nikaenda saluni kwa Vicky, jirani, kumuomba rangi ya kucha ya njano. Kacheka, "Toka lini Schola ana kucha?" Nikamwambia kuna harusi.

Nimepaka zile bolti mbili, nikazipakaza vumbi. Ukiangalia huwezi kujua. Mimi mwenyewe nilizipita mara ya kwanza.

Zakayo nimemwambia gia boksi haiendani na soketi zetu za waya. Kakubali. Hata hakusema si nilikwambia. Bora angesema.

Kitu kimoja nashindwa kujijibu. Rangi naelewa, nilitaka nibadilishiwe. Lakini sumaku niliifutia nini? Ningeiacha na uchafu wake, fundi wa mbele angeifungua akaona. Niliifuta mwenyewe, kwa raha kabisa, huku naimba.

Ijumaa, 12 Septemba

Imeenda kirahisi mno.

Tarsis alichuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya bolti. "Alama ipo, mzee." Mzee hata hakunyanyuka. Nikasema ile ya soketi. Akasema mpeni hiyo nyingine aende zake, binti wa watu anahangaika. Tarsis mwenyewe kaisukuma kwenye mkokoteni mpaka Msimbazi, ananitania njia nzima: mabinti wenzio wanachagua madera, wewe unachagua mavyuma.

Nilicheka nae. Nyuma yetu ile maiti imerudishwa juu ya tairi lake, barazani, mbele ya watu.

Nikajiambia: Gerezani ina mafundi kibao. Atakayeinunua ataikagua.

Jumamosi, 20 Septemba

IMETEMBEA! Gari imetembea! Zakayo kaweka D, kaachia breki, ikaondoka laini kama inateleza juu ya sabuni. Gia ya pili hata huisikii. Tumezunguka Buguruni mpaka sheli na kurudi, watoto wanakimbia nyuma. Zakayo anawaambia watu wote, dada yangu ndo kafunga, kajifunza mwenyewe, hajaenda chuo cha VETA hajaenda wapi.

Na ni ile ya matope. Aliyoichagua yeye.

Nilitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka kabisa, nikaishia kuomba soda.

Jumapili, 28 Septemba

Vicky kaweka video kwenye status ya WhatsApp. Mark II nyeupe, imefungwa maua na riboni, imekwama katikati ya Msimbazi. Bibi harusi anashuka, kashika shela isiguse maji ya mtaro, anapanda bajaji. Wauza maji wanapiga makofi, wanaimba, "Bibi harusi kapanda bajaji, nderemo!" Nimecheka mpaka machozi. Nikairudia.

Mara ya pili nikamwangalia dereva. Anaweka D, injini inavuma, gari halisogei. Anaweka R, inavuma. Halisogei. Ule mvumo naujua, hamna klachi mle ndani.

Nikamuuliza Vicky gari ya nani. Ya Shomari, kasema, anaikodisha kwenye maharusi. Maskini kafunga gia boksi juzi tu, kainunua Gerezani.

Gerezani gia boksi ziko nyingi. Zinaweza kuwa mia. Siyo lazima iwe ile.

Jumatatu, 29 Septemba

Ni ile.

Mzee Anaeli kanipigia mwenyewe. Niliona jina nikaiacha ikaita, ikakata, ikaita tena. Anaongea taratibu, ndo mbaya zaidi. Shomari kairudisha jana jioni. Alama iko palepale, kwa hiyo Shomari kapewa nyingine, hana kosa. Lakini mzee kaamua kuifungua aone. Kakuta gundi mpya ya silikoni. Gia boksi ya Japani haina gundi hiyo. Ndani klachi zimekwisha na sumaku safi, inang'aa. "Mwanangu, sumaku ya gia boksi iliyokufa inang'aaje?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

Kwa hiyo imefunguliwa na ikapakwa rangi upya, anasema. Na kopo la rangi ya njano analishika mtu mmoja. Mzee anaamini Tarsis katoa utumbo mzuri wa ndani kauza, kaweka mbovu, kafunga, kapaka. Yupo mwenye duka aliyewahi kufanyiwa hivyo na kijana wake, mtaa uleule. Tarsis analia, anaapa.

Akasema, njoo kesho, maana ilipita kwako. Tarsis mwenyewe ndo kakutaja. Anasema dada Schola ni shahidi wangu.

Nikasema nitakuja, mzee.

Nimemwambia Zakayo nina homa. Kaninunulia dawa.

Jumanne, 30 Septemba

Naandika kwenye gari, hapa hapa Gerezani, ng'ambo ya duka.

Nilikuja nimejipanga. Kweli. Njia nzima nilikuwa nasema kwa sauti: mzee, mimi ndo niliifungua. Maneno manne tu!

Nimeingia, Tarsis kanivutia kiti. Kafuta vumbi kwa shati lake. Hana utani leo, macho mekundu. Gia boksi iko sakafuni, tumbo wazi. Mzee kaniuliza swali moja. "Ulipoirudisha, alama ilikuwepo?"

Tarsis akadakia, "Sema tu ukweli dada, ilikuwepo, si niliikagua mbele yako?"

Yaani yeye anadhani ikiwepo ndo imemuokoa. Hajaona. Kama ilirudi kutoka kwangu na alama, basi imefunguliwa humu dukani. Mzee kaona. Mimi nimeona. Yeye tu ndo hajaona, kanikazia macho, anaitikia kwa kichwa kunipa moyo.

Nikasema, "Ilikuwepo."

Si uongo. Ilikuwepo. Nimejirudia hilo nadhani mara mia toka nitoke.

Mzee akavua miwani. Akasema, "Tarsis, lete funguo." Hakugomba. Miaka sita nakula nae sahani moja, akasema, na akageuka akaangalia ukutani. Tarsis akabaki kasimama kama hajasikia. Kisha akaweka funguo mezani, na lile kopo la rangi, akalisogeza likae sawa pembeni ya funguo.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Akanifuata akanishika mkono. "Asante dada. Angalau wewe umesema ukweli, hukunisingizia."

Sijui nimevukaje barabara.

Nimewasha gari niondoke. Nimeweka D, mguu kwenye breki, na siondoki. Inanguruma vizuri. Haina hata kosa moja.

Ametoka. Ana mfuko wa rambo, ndani naona shati la kazi na kikombe chake. Anaangalia huku na huku kama mgeni wa mtaa. Ameniona. Anapunga mkono, anavuka. Nadhani anataka lifti, nyumbani kwake ni njia yangu.

Anagonga kioo. Kwa heshima, kidole kimoja.

Nimetoa D. Nimeweka P. Nimezima. Anacheka kidogo, ananionyesha mlango, anadhani nimesahau kuufungua —