Viganja vya Mama kwenye Mfuniko

Dodoma, 9 Juni 2025

Leo natimiza miaka arobaini na sita tangu niondoke Ujiji.

Mpendwa mshauri, sikuamkii kwa kuwa huenda nimekuzidi umri, lakini naomba msaada kama mdogo wako, maana marehemu mama yangu, Rozalia, aliacha sanduku la mvule lenye misumari ya shaba, na jirani yetu wa Ujiji, Ziada, amelitunza miaka kumi na moja bila kuniuliza hata mara moja nitalichukua lini, na mama alikuwa akilipaka mawese kila Krismasi ling'ae, na kila alipoinuka baada ya kulikalia alikandamiza viganja viwili palepale mpaka mfuniko ukabonyea, na sasa mafuta yameganda, meusi, yananata, mende wamehamia, basi Ziada kwa wema wake amelipeleka kwa fundi Anatoli, pale Gungu, Kigoma, lisafishwe aniletee kwa treni.

Alinipigia simu.

"Mzee, shikamoo. Fundi ana msasa mkononi. Anasema litatoka jipya."

"Marahaba. Na alama za mikono?"

Nikamsikia Anatoli nyuma yake: "Mwambie nalilainisha mpaka nzi ateleze!"

Ziada akacheka. Mimi nikashindwa. Nikasema wangoje, na wiki ya tatu hii wanangoja, kwa sababu nikikubali, mikono ya mama inaondoka, na nikikataa, nitamvunja moyo mtu aliyenifaa kuliko ndugu. Nifanye nini?

Selestini, mwalimu mstaafu

*

Mwalimu Selestini,

Pole, na hongera kwa kupata jirani wa namna hiyo. Lakini kumnyamazia wiki tatu si haya, ni kukosa shukrani. Mwalimu mzima! Mpigie leo, hata kabla hujamaliza kusoma hapa.

Tena umechanganya vitu viwili. Mawese ni ya chungu, si ya mbao. Yakikaa huchacha, na mama yako si wa kwanza Kigoma kufanya kosa hilo. Hayo yatoke. Mabonde ya viganja hayako kwenye mafuta, yako kwenye mti wenyewe, na adui yake ni msasa. Anatoli auweke chini. Achukue kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, afutie nje, mbali na moto, na panaponata akwangue kwa kijiti. Kisha apitishe kitambaa cha maji ya sabuni kilichokamuliwa vizuri, aliache likauke kivulini siku kadhaa. Misumari aisugue kwa limau na chumvi, maji yake yasiguse mbao. Amalizie kwa nta ya nyuki, nyembamba. Vanishi hapana.

Na treni sahau. Mbao iliyozoea unyevu wa ziwa inaweza kupasuka kwa ukavu wa Dodoma. Sanduku lisije. Nenda wewe.

*

Mwalimu ametuandikia tena mwezi huu:

Mshauri, nilimpigia siku ileile. Nilimshukuru Ziada mpaka akasema, "Basi Mzee, utaniliza sokoni watu wanaona!" Jana amenitumia picha. Mvule umerudi na rangi yake ya asali, na mabonde mawili yapo. Ziada ameweka viganja vyake humo, vimeenea. Nimemwambia sanduku ni lake.

Nakushukuru kwa kila neno, na nimefuata yote isipokuwa la mwisho. Mimi Ujiji sitarudi.