Ishara ya Kuondoa Jina

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dirishani pa mapokezi, wagonjwa wengine wameshaondoka.

Unakumbuka uwanja wa kiwanda cha alizeti, malori yakiingia ghalani kinyumenyume? Wewe nyuma ya tela, mimi juu ya magunia. Hukupaza sauti. Ulimvuta dereva kwa viganja viwili: njoo, njoo, kata kulia, simama. Siku moja utingo akakutania, "Mzee, unaongoza gari au unacheza ngoma?" Ukamjibu, "Mkono usipoeleweka mara moja, bwana mdogo, ukuta ndio utakaoueleza."

Kwa hiyo kazi hii ilipokuja niliiona kama urithi wangu. Kliniki yetu ya macho imeletewa kompyuta isiyoguswa, maana vidole hubeba ugonjwa wa macho kutoka mtu hadi mtu. Mgonjwa husimama mbele ya skrini, kamera inamtazama, naye anaiamuru kwa mkono. Kiganja wazi ni ndiyo. Kusukuma mkono pembeni ni ukurasa unaofuata. Zuhura, fundi aliyeitengeneza, hakutaka kumfundisha mtu kitu kipya. Alitaka ishara ambazo watu wa Singida wanazo tayari. Akanipa mimi karani daftari nikawaulize wagonjwa.

Nikawauliza: ukitaka mtu aondoke, unafanyaje? Wakanionyesha kiganja kikitazama chini, vidole vikipunga. Nikaandika: hii iwe ya kujiondoa kwenye orodha. Zuhura akaniuliza, "Una uhakika, dada? Haina maana nyingine?" Nikamwambia sina shaka, kwa sababu ndiyo ishara ya mwisho uliyonipa wewe. Nikatia saini.

Baba, niliwauliza ishara ya "nenda". Sikuwauliza ya "njoo".

Leo asubuhi alikuja Bibi Hadija kutoka Mungaa, mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Madaktari wa upasuaji wapo hapa hadi leo jioni tu, kisha wanarudi kwao, na hakuna anayejua watakuja tena lini. Jina lake lilikuwamo. Alitakiwa tu athibitishe. Nilimwona akiinama mbele ya skrini, akiipungia vidole na kuibembeleza, "Njoo basi, unaogopa nini?" Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja akasema, "Bibi, hiyo siyo kuku!" Nami nilicheka. Skrini ikaandika jambo, ikasema kwa sauti "asante", naye akaenda kuketi kwenye benchi, ameridhika.

Saa nane akaja dirishani kwangu. "Mjukuu wangu, wote wameitwa. Mimi bado."

Nikatazama orodha. Hakuwamo. Nikamwomba anionyeshe alivyofanya kwa mkono. Kiganja chini, vidole vikipunga.

"Bibi, huko si kufukuza?"

"Kufukuza vidole vinakwenda kule. Hivi vinakuja kwangu. Herufi zilikuwa mbali, nikaziita." Akanigeuzia uso, macho yake meupe. "Kwani kwenu walikuwa wanakuita kwa mkono gani?"

Ni hivyohivyo, baba. Nyumbani mama alituita hivyohivyo kila siku. Kamera haitofautishi vidole vinavyokuja na vinavyokwenda, lakini mimi nilizaliwa hapa.

Ndipo nikauona tena mkono wako juu ya blanketi, wodini, siku ambayo kiharusi kilikuwa kimeshachukua sauti yako. Kiganja chini, vidole vikisogea kidogo sana. Nikasema, "Sawa baba, nakwenda, nitarudi na uji." Niliporudi, kitanda kilikuwa kimefunikwa. Wote niliwaambia kwamba uliniruhusu niende. Mama alifarijika kwa neno hilo. Mimi nimelilalia miaka mitatu.

Nilijua saini yangu iko kwenye karatasi, na kwamba nikinyamaza ingesemwa tu kuwa bibi kizee alikosea. Hata sentensi yenyewe ilishakuja mdomoni: "Bibi, labda ulijiondoa mwenyewe." Lakini alikuwa bado amenyoosha mkono ule, akinisubiri.

Nikaushika, nikaenda naye hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa anavua glovu.

"Nani alimwondoa?"

"Mimi, daktari. Ishara niliichagua mimi. Yeye alikuwa anaita."

Akatazama saa ukutani. Kisha akamwambia nesi, "Mwandae. Jicho moja, muda wa mawili hatuna." Mimi akaniambia niandike maelezo, kesho nionane na mkuu wa kliniki. Sijui kama nitabaki na kazi.

Bibi Hadija ametoka sasa hivi, jicho moja lina bandeji. Jingine limebaki na giza lake, na hilo ni langu.

Maelezo nimeyaandika. Mwishoni nimemwomba Zuhura pasiwepo mkono wowote wa kuondoa jina la mtu. Anayetaka kuondoka aulizwe kwa mdomo, na anayeuliza asitoke hapo mpaka ajibiwe.

Mama bado sijamwambia. Sijui nitaanzaje. Pumzika, baba, na kama ulikuwa unaniita, nisamehe.

Ni mimi binti yako, niliyekwenda kuleta uji.