Papa Ruphin na pasa ya Florentine

Sifa!! Papa Ruphin amepata haya mbele ya wazungu wake wote!

Unajua majivuno yake: Brussels, Dubai, Guangzhou, "mimi mukusanyaji wa vitu adimu". Leo alikuwa live kwenye simu, anauzia wazungu kasanamu ka muti. "Adimu sana!" Adimu ya wapi!

Kumbe njo pasa, ni kusema pacha, ya Florentine, ule mama wa Nyunzu mwenye kuishi kambi ya wakimbizi ya Katanika. Mutoto mumoja wa mapasa yake alikufa, wakamuchongea kale kasanamu kakae pahali pake. Florentine alikuwa anakaogesha na kukapa uji sawa na mwenzake aliyebaki. Kalipotea wakati walikimbia vita.

Florentine akakaona kwenye simu ya jirani. Hakulia. Alikusanya wamama wa kambi, wakaenda kwenye lango ya Ruphin kumwimbia zile nyimbo za matusi wanazoimbiaka kwa desturi baba ya mapasa wakizaliwa. Mwenye kukaa na mutoto si njo baba? Walimutukana mpaka vya ndani ya suruali, na live inaendelea!! Wazungu wanatuma vicheko!

Ruphin akatoka na jasho, akakarudisha. Florentine akakafunga mugongoni na kitenge, akamuangalia Ruphin, akauliza pole pole:

"Na leo ulimulisha nini?"

Luga nne Ruphin anajua, Sifa. Akazima live tu.