Siri ya Shangazi Imebandikwa Mabawa

Liway, nakuandikia nikiwa nimejifungia chooni.

Unakumbuka nilimwambia bosi wangu Rodelio siri ya shangazi Chayong na padri? Kwamba kaka Isko ni mwana wao, wazazi wangu wakamlea kama wa kwao? Aliapa hatasema. Leo kaitia kwenye tamthilia yetu ya runinga!

Mabawa, Liway! Shangazi kageuzwa malaika wa msituni. Padri ni mlinzi wa mti mtakatifu aliyeapa kutooa, ana pembe za karatasi. Huo ndio ubunifu wa mwandishi mkuu. Mwizi mkubwa!

Na sote tulikuwa mezani tunatazama. Isko akacheka hadi wali ukampalia.

"Mama gani huyo? Mwanawe wa kumzaa anamwita shangazi! Ningekuwa mimi huyo mtoto, ningeondoka nisirudi."

Nisirudi! Na shangazi yuko ubavuni pake, anamtolea miiba ya samaki.

Hakumtazama Isko. Alinitazama mimi.

"Pembe zenyewe zimekaa kombo," akasema, akamwekea samaki sahanini.

Sasa hivi kanigongea. Nikafungua nikijua nazabwa kofi.

"Sehemu ya kesho mmeshaiandika?"

"Bado, shangazi. Huwa tunaiandika asubuhi, waigizaji wakipakwa poda."

Akashika kitasa, akanong'ona.

"Basi mwandike yule mtoto. Akasirike, atukane, avunje vyombo akitaka. Lakini mwandike arudi."