Usichague Mpaka Tukae

Dar es Salaam, 11 Januari 1998

Mjomba Thobias,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Mnaendeleaje huko Mgeta na mvua hizi?

Mjomba, benki yetu inauzwa, na wenye shahada moja kama mimi tutapunguzwa. Wafadhili wamenipa nafasi ya kusoma uzamili, lakini lazima nichague kabla Machi haijaisha: fedha peke yake, mikopo na hisa mpaka mizizi, au MBA, uongozi wa biashara, kila kitu kidogo kidogo. Nikikosea niko mtaani. Tangu mama afariki, wewe ndiye mwenye neno. Nipe neno.

Mpwa wako,
Eufrazia

Mgeta, 2 Februari 1998

Mwanangu Eufrazia,

Marahaba. Sisi hatujambo, kifua tu kinanisumbua.

Hiyo ya fedha tupu naiona kama kulima kabichi peke yake: bei ikianguka, unalia shambani. Lakini anayepanda kila kitu kidogo kidogo, lori la sokoni halimsimamii, mzigo hautoshi. Hili silikati peke yangu. Nimemwita kaka yetu Ignas atoke Dumila. Usichague mpaka tukae. Mama yako aliolewa bila kikao, na unajua alivyorudi.

Mjomba wako,
Thobias

Dar es Salaam, 30 Machi 1998

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo? Nasikia barabara imekatika. Kila asubuhi naenda sokoni kuwauliza madereva wa mboga wa huko, hakuna barua ya kikao.

Kesho wanafunga. Nisipochagua, nafasi anapewa mwenzangu Evance. Nashika kalamu, naiweka chini. Nikichagua bila ninyi halafu niharibikiwe, nitarudi kwa nani? Naogopa, mjomba. Hata neno moja.

Mpwa wako,
Eufrazia

Mgeta, 19 Aprili 1998

Mwanetu Eufrazia,

U hali gani? Sisi wazima, ingawa maji yamebeba mashamba ya bondeni. Hatujapata barua yako tangu ile ya kwanza. Lori la leo ndilo la kwanza kushuka.

Ignas alifika kwa miguu, matope mpaka magotini. Tukakaa. Kusema kweli, mama, hakuna aliyejua tofauti ya shahada hizo, hata mimi na kabichi zangu. Mama yako mdogo Paskalia akasema, "Mtoto ndiye anayejua anachosoma, sisi tunamfunga kamba ya nini?" Tukakubali wote. Tumechinja mbuzi, tumekuombea.

Basi tulia. Chagua unayoitaka, ukoo uko nyuma yako. Ukishachagua utuandikie ni ipi, watu wanatuuliza.

Mjomba wako,
Thobias