Kamba Nilizozifua

Nyumbani, nyuma ya karakana ya baiskeli
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

U hali gani huko uliko? Kifua kimepona, au bado unatembea kichwa wazi kwenye baridi? Sisi tupo. Magoti yananisumbua, lakini yananifikisha ninakotaka. Mume wetu anakula vizuri, ila mkono wake wa kushoto bado mzito tangu ule ugonjwa.

Sasa nikugombeze. Ulimwambia babu yako kwenye simu aiuze ile mashua ya tanga aliyoinunua kwa mwalimu aliyehama. Nani alikutuma? Mtu ameendesha lori maisha yake yote, leo anashinda kwenye kiti akitazama mlango. Ile mashua kuukuu ndiyo kitu cha kwanza alichokitaka tangu augue.

Tena nilikuwa nimekwisha kumharibia mimi, nikwambie mwenyewe kabla kinyozi jirani hajakupelekea umbea. Mashua ilikuja na kamba zote mahali pake, lakini zimeota ukungu wa kijani. Mimi uchafu siuwezi. Babu yako alipokwenda kliniki nikazifungua zote, nikazichomoa hata kwenye roda, kile kigurudumu cha kichwani mwa mlingoti, nikazifua pamoja na tanga, nikaanika. Ziling'aa kweli. Ila hakuna aliyejua zinarudi wapi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, tuiuze," akarudi kwenye kiti chake. Mke mwenzangu, bora angenipigia kelele.

Nikampigia simu yule mwalimu. Sasa najua: kamba ya kutwekea tanga ni henza, ya kulivuta ukiwa umekaa ni demani, na mwisho wa kamba unafungwa fundo la umbo la nane ili isichomoke kwenye roda. Nane naijua, ingawa shule niliichungulia tu.

Jana nikausimamisha mlingoti uani pamoja na kinyozi, nikatweka. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, hiyo suruali ya nani umeianika miguu juu?"

"Ya baba yako," nikamjibu. "Njoo uivae."

Lakini alisema kweli. Tanga lilikuwa kichwa chini.

Hapo nikasikia kiti kinaburuzwa. Babu yako alikuja mpaka niliposimama, akatazama mafundo yangu. "Mwanamke, umefunga mashua au umefunga kuku wa kupeleka sokoni? Toa mikono." Akafungua yote, akaligeuza tanga, akaizungusha henza kwenye ule mkono mzito, akavuta kwa ule mzima. Ikamponyoka. Nikakunja mikono kifuani nisimsaidie, na kinyozi nikamkata jicho anyamaze. Akavuta tena. Likapanda mpaka juu, limenyooka.

Kisha akanigombeza mpaka jua likazama, na mimi nikamwacha aendelee. Sijasikia maneno mengi hivyo katika nyumba hii tangu augue.

Wiki ijayo tunaishusha majini. Mimi nimepewa kushika demani, na kuogelea sijui. Nikizama mume ni wako peke yako, na anakoroma.

Kwa hiyo piga simu. Usiseme habari ya kuuza. Muulize henza inapita wapi, atakueleza mpaka salio likuishie.

Nisalimie huyo mume wako wa pili na mapacha. Mungu awalinde, awape usingizi mwema.

Bibi yako, mke mkubwa, akupendaye hata akikufokea.